Kidole Gumba cha Kui

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa pili, Wavinya Mulwa alimwona mwanafunzi wake bora akiuficha mkono wa kushoto chini ya benchi na kuukung'uta kama mtu aliyeungua.

Walikuwa kwenye ukumbi wa kanisa mtaani Satellite, watoto kumi na wanane na fidla kumi na nne, wakipokezana. Kui alikuwa na miaka kumi na miwili, na fidla yake ilikuwa yake mwenyewe, mama yake alimnunulia. Alikuwa ametoka kupiga wimbo aliokuwa akiuandaa kwa ajili ya mchujo wa okestra ya vijana ya mjini. Nafasi za fidla zilikuwa mbili tu, na mchujo ulikuwa umebakiza wiki tatu. Alikuwa ameupiga wote bila kosa na wenzake wakampigia makofi. Kisha akaketi, akainamisha kichwa, akaanza kuukung'uta ule mkono.

Wavinya aliwaambia wengine watoke wakanywe maji. Akamwendea Kui, akachuchumaa mbele yake na kumwomba ampe mkono.

"Hauumi sana, tichaa," Kui akasema kabla hajaulizwa.

Nyama ya chini ya kidole gumba ilikuwa ngumu kama kiazi kibichi. Wavinya alipoibonyeza kidogo tu, mtoto alivuta pumzi na kufumba macho. Ubavuni mwa kidole kulikuwa na sugu nyekundu pale kinapogusa shingo ya fidla. Wavinya akamuuliza maumivu yalianza lini. Kui akasema tangu kabla ya Krismasi. Akaongeza kwamba asubuhi kidole cha mwisho huamka kikiwa na ganzi, na hurudi sawa akikichovya kwenye maji ya moto. Mama yake hakujua. Hakumwambia kwa sababu mama angemwambia mwalimu, na mwalimu angemtoa kwenye mchujo.

Wavinya akamwambia aichukue fidla na kuweka mkono kama anataka kuanza kupiga. Kui akafanya hivyo. Mwalimu akaushika ule mkono kwa chini na kujaribu kuusogeza taratibu juu ya shingo ya fidla. Haukusogea. Ulikuwa umekamata kama koleo.

"Legeza," Wavinya akasema.

"Nimelegeza."

"Legeza zaidi."

Kui akamtazama kama mtu asiyeelewa anachoombwa. "Tichaa, hii ndiyo kulegeza."

Watoto wengine walikuwa wamerudi. Wavinya akawapanga mstari, akawaambia washike fidla kwa kupokezana bila kupiga, wasubiri. Alipita mbele yao mmoja baada ya mwingine akitazama mikono ya kushoto tu. Vidole gumba vyote vilikuwa vimesimama wima, vimekazwa, kucha nyeupe. Viganja vimeegemezwa kwenye shingo ya fidla, vifundo vya mikono vimepinda. Alipita hadi mwisho wa mstari. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa ameshika vizuri. Wangekuwa wawili watatu, angesema ni mazoea yao. Walipokuwa wote, hapakuwa na wa kulaumiwa ila aliyewafundisha.

Siku hiyo aliwaruhusu mapema. Nyumbani kwake, karibu na Adams Arcade, aliketi mezani bila kuvua viatu na kujilazimisha kukumbuka ilianzaje.

Ilianza miaka miwili nyuma. Parokia ilipokea fidla kutoka kwa wafadhili, na wiki ya pili tu ya masomo fidla moja ilimponyoka mtoto, ikaanguka kwenye sakafu ya saruji na kuvunjika shingo. Mzee Obuya, mwenyekiti wa kamati inayotunza mali ya kanisa, alimwita Wavinya pembeni. Hakugomba. Alisema kwa upole kwamba ukumbi una watu wengi wanaouhitaji, na kwamba ikivunjika nyingine darasa litafungwa. Tangu siku hiyo Wavinya alikuwa na neno moja, alilolisema mwanzo wa somo, katikati na mwisho: shika imara. Fidla hazikuwa na vile vitegemeo vya begani, kwa hiyo watoto walizibeba kwa mkono wa kushoto, mkono uleule uliotakiwa kuwa huru kucheza kwenye nyuzi. Waliogopa kwa sababu yeye aliogopa. Na Kui, aliyekuwa msikivu kuliko wote, alishika imara kuliko wote.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba alijua. Alifundishwa vizuri alipokuwa msichana kule Machakos, na alijua mkono unavyotakiwa kuwa. Alikuwa amejiambia atawarekebisha baadaye, wakishazoea. Kisha zikaja nyimbo, likaja tamasha la Krismasi, wazazi wakafurahi, na hiyo baadaye haikufika.

Jumapili alimpigia simu mama yake Kui. Jumatatu mchana wakakutana watatu kwenye kliniki moja barabara ya Ngong, ambako Wavinya alimfahamu mtaalamu wa viungo aliyeitwa Carolyne. Debra, mama yake Kui, alikuja moja kwa moja kutoka kazini mjini, bado kitambulisho cha ofisi kikiwa shingoni. Alikuwa karani katika ofisi ya mawakili. Baba yake Kui alifanya kazi Eldoret na alikuja nyumbani Waithaka mara moja kwa mwezi, kwa hiyo mambo ya mtoto yalikuwa mikononi mwake yeye.

Carolyne alichukua muda. Aliugeuza mkono, akaukunja, akamwambia Kui asukume hapa, avute pale, aseme panapouma. Mwishowe aliwaeleza kwamba kano za chini ya kidole gumba zimevimba kwa kukabwa muda mrefu, na ile ganzi ni onyo. Alitaka wiki tatu kamili bila fidla. Baada ya hapo mtoto angeanza kwa dakika chache kwa siku, tena kwa kushika kwa namna nyingine kabisa. Debra akauliza, akiendelea kwa namna hii ya sasa? Carolyne akasema kuna mikono ambayo hairudi.

Nje ya kliniki Debra alimtuma Kui akanunue maji dukani. Wavinya alijua hapatakuwa na wakati mwingine mzuri kuliko huo.

"Mama Kui, kuna jambo lazima nikwambie. Huo mkono ni mimi niliufundisha hivyo."

Debra akamgeukia. "Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua. Niliogopa fidla za kanisa zisivunjike."

"Kwa hivyo fidla zilikuwa na maana kuliko mkono wa mtoto wangu."

Debra alifungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili, akainyoosha na kumpa Wavinya. Ilikuwa fomu ya mchujo. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya mwalimu kutia sahihi kwamba mwanafunzi yuko tayari.

Debra alizungumza kwa sauti ya chini, bila kupumzika. Alisema yeye hupiga chapa kwenye kompyuta kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na mikono humuuma, na akifika nyumbani bado anapika. Kazi huuma. Kui amefanya mazoezi miaka miwili kwa ajili ya siku moja. Apige siku hiyo moja, kisha apumzike mwaka mzima akitaka.

Wavinya aliirudisha fomu bila kutia sahihi. Alisema hawezi kuandika kwamba mtoto yuko tayari huku akijua hayuko.

"Umemharibu," Debra akasema, "halafu unamnyima nafasi. Yote mawili ni wewe."

Kui alikuwa anarudi na chupa ya maji. Debra aliikunja fomu. Kabla mtoto hajawafikia alimwambia mwalimu kwamba Jumamosi atakuja pale Satellite na kuwaeleza wazazi wote alichokisikia siku hiyo. Wavinya akasema hatahitaji kujisumbua, kwa sababu watakisikia kutoka kwa mdomo wake yeye.

Wiki ile hakulala vizuri. Mara mbili aliandika ujumbe kwenye kundi la wazazi, akaufuta. Alijiambia jambo kama hili halisemwi kwenye simu, kisha akajiuliza kama hiyo si njia nyingine ya kuahirisha. Jumamosi ilipofika, wazazi kumi na watatu walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, pamoja na Mzee Obuya aliyealikwa. Debra hakuja, wala Kui.

Wavinya aliwaambia yote. Alisimama mbele yao, akainua mkono wake wa kushoto na kuwaonyesha unavyotakiwa kuwa, kisha akaonyesha alivyowafundisha watoto wao. Alisema mtoto mmoja ameumia na wengine wako njiani kuumia. Alisema atarudi mwanzo kabisa, na kwamba kwa miezi kadhaa watoto watasikika vibaya kuliko walivyosikika Krismasi. Anayetaka kumtoa mtoto wake, atamwelewa.

Baba mmoja aliuliza kama Wavinya amesomea kazi hii au la. Mama mmoja alimshika mtoto wake mkono, akaanza kuukagua kidole kwa kidole palepale. Watoto sita waliondoka siku hiyo na wazazi wao. Mmoja wao, msichana wa miaka tisa, alitoka akilia na kuangalia nyuma.

Walipobaki wawili, Mzee Obuya aliuliza kama ni yale maneno yake ya wakati ule. Wavinya alisema ndiyo, yalikuwa ni maneno ya mzee, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mwalimu na angeweza kuyakataa. Mzee alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. Akauliza nini kinatakiwa. Wavinya akasema anataka sponji za kuweka begani ili fidla zikae zenyewe, mkeka wa kutandika sakafuni, na kamati ikubali kwamba siku moja fidla inaweza kuanguka.

"Hilo la mwisho siwezi kukuahidi peke yangu," mzee akasema. Alimpa hadi Pasaka, kisha kamati ikae.

Wiki hiyo alikwenda Kawangware kwa mafundi wa magodoro, akapata vipande vya sponji, akavikata kwa kisu cha jikoni na kuvifunga chini ya fidla kwa mipira ya kubana. Jumamosi iliyofuata watoto kumi na mmoja walijifunza kusimama huku fidla imelala kati ya bega na taya, mikono yote miwili ikining'inia chini. Baadhi walitetemeka. Mmoja alikataa kabisa kuachia mpaka Wavinya alipoweka viganja vyake chini ya fidla, bila kuigusa, na kusubiri naye.

Kisha akawafundisha mkono. Aliwaambia wafikirie wameokota mandazi yaliyotoka tu kwenye mafuta: unayagusa, huyaachii, lakini huyabani. Kidole gumba kikae hivyo, kikitazamana na kidole cha kwanza, tayari kusogea. Halafu akawaambia waguse uzi kwa kidole cha kwanza bila kuubonyeza, wavute upinde. Ilitoka sauti ya kukwaruza, kama pumzi ya mtu mwenye mafua. Waongeze uzito kidogo. Kidogo tena. Mpaka ghafla sauti ikafunguka, safi.

"Hapo," akawaambia. "Simama hapo. Hiyo nguvu nyingine yote mlikuwa mnaitupa."

Walishangaa ni kidogo kiasi gani. Wavinya alishangaa pia. Alikuwa amesahau ilivyo rahisi kuionyesha. Somo zima lilichukua nusu saa, na alikuwa ameliahirisha miaka miwili.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi, jioni, simu yake iliita. Ilikuwa nambari ya Debra, lakini sauti ilikuwa ya Kui, ya chini, ya mtu anayezungumza akitazama mlango.

"Tichaa, Jumamosi tunaenda. Mama amepata sahihi kwa mwalimu wa shule."

Wavinya akauliza kama amepumzisha mkono. Kui akasema alipumzika siku tano. Mama yake hakumlazimisha. Ni yeye mwenyewe, alikuwa akijifungia chumbani na kuweka kitambaa juu ya nyuzi ili sauti isisikike. Akamuuliza Wavinya kama anaweza kuja.

"Mama anajua umenipigia?"

"Hapana."

Mchujo ulifanyika ghorofa ya nne ya jengo moja nyuma ya Moi Avenue. Wavinya alipanda ngazi kwa sababu hakutaka kukutana na Debra ndani ya lifti. Kwenye ukumbi mrefu wa juu watoto walikuwa wamepanga foleni kwenye mabenchi pamoja na wazazi wao, kila mmoja akijaribu wimbo wake, sauti zikigongana. Debra alimwona. Akageuza uso, akatazama dirisha.

Wavinya aliketi benchi la upande wa pili. Kui alikuwa wa kumi na moja. Waliingia wa saba, wa nane. Alipoingia wa tisa, Debra alimwambia Kui aitoe fidla ajiandae.

Kasha lilifungwa kwa vibanio viwili vya chuma. Kui alikifungua cha kulia. Cha kushoto alikiwekea kidole gumba, akasukuma, kikakataa. Akajaribu tena. Akaangalia kama mama yake anaona, kisha akainama haraka na kukifungua kwa meno.

Debra alikuwa ameona. Wavinya alimwona akiona. Mama alibaki ameketi, mikono yake mwenyewe ikiwa juu ya mapaja, na kwa muda mrefu hakufanya lolote. Kisha akauchukua mkono wa mtoto na kuubonyeza pale chini ya kidole gumba, kama alivyomwona Carolyne akifanya. Kui akauma mdomo.

"Funga hiyo fidla," Debra akasema. "Twende nyumbani."

"Hapana."

"Kui."

"Sijakuja hapa kurudi nyumbani," Kui akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikutetemeka. "Nimefanya mazoezi. Ni mimi niliyafanya, si nyinyi."

Mlango ulifunguka, wa tisa akatoka, wa kumi akaingia. Debra alimtazama Wavinya kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hasira ilikuwa bado usoni, lakini chini yake palikuwa na woga, na macho yake yalimuuliza mwalimu afanye nini.

Wavinya akavuka na kuketi karibu nao. Alisema mchujo una sehemu mbili, skeli na wimbo. Skeli ni sauti nane tu, kupanda na kushuka, na hakuna aliyesema zipigwe haraka. Alitoa kipande cha sponji alichokuwa nacho mkobani, akakifunga chini ya fidla ya Kui, akamwonyesha kwa dakika chache yale aliyowafundisha wenzake: fidla ijikalie begani, kidole gumba kisikamate kitu, uzi uguswe kwa ule uzito mdogo tu unaotosha. Kui alijaribu mara mbili. Mara ya pili sauti ilifunguka, naye akageuka kumtazama mwalimu kwa mshangao uleule.

"Ukiusikia mkono unajifunga, utaacha," Wavinya akamwambia. "Hata kama ni katikati. Utafanya hivyo?"

Kui akaitikia kwa kichwa.

Mtu mzima mmoja tu aliruhusiwa kuingia na mtoto. Walipomwita, Debra alisimama, akapiga hatua mbili, akasimama tena.

"Ingia na yeye," akamwambia Wavinya. "Mimi nitaangalia uso tu. Wewe utaangalia mkono."

Waamuzi walikuwa watatu nyuma ya meza. Aliyekaa katikati, bwana mmoja mnene aliyeitwa Odero, alimkaribisha Kui kwa jina na kumwomba skeli. Kui alisimama. Aliachia mkono wa kushoto ukaning'inia, fidla ikabaki mahali pake begani, kisha akaupandisha.

Sauti ya kwanza ilikuwa nyembamba. Ya pili ikawa nzuri. Alipiga polepole mno, na Wavinya aliwaona waamuzi wakitazamana. Sauti ya tatu, ya nne. Kwenye ya tano kidole gumba kilijikunja. Wavinya alikiona kikirudi mahali pake pa zamani, kikasimama wima, ukucha ukaanza kuwa mweupe. Hakuruhusiwa kusema.

Upinde ukasimama.

Kui aliuteremsha mkono, akauacha uning'inie. Akaukung'uta mara moja, hadharani, mbele ya waamuzi. Mwamuzi mmoja akafungua mdomo kutaka kusema kitu na Odero akamwinulia kidole asubiri. Kisha Kui akaupandisha mkono tena na kuanza upya kutoka sauti ya chini. Alipanda zote nane. Akashuka zote nane. Hapakuwa na haraka wala hapakuwa na nguvu ya kuonyesha watu, lakini kila sauti ilikuwa safi, na kidole gumba kilibaki kimelala.

Odero akamwomba wimbo.

Kui akamtazama Wavinya. Wavinya hakutikisa kichwa, wala kukubali wala kukataa. Aliona kwamba akimwamulia sasa, atakuwa amemshika imara kwa mara nyingine.

"Sitaupiga," Kui akasema. "Naujua wote. Lakini nikiupiga leo mkono utajifunga, na mimi nataka kupiga nikiwa mkubwa."

Odero aliandika kitu. Akauliza kwa sauti ya kawaida ni nani aliyemfundisha. Kui akamwonyesha Wavinya. Yule bwana akamtazama Wavinya kwa muda, na Wavinya akasema ndiyo, ni yeye. Alisubiri aulizwe zaidi. Hakuulizwa. Wakashukuriwa, wakatoka.

Debra alikuwa amesimama karibu na mlango kiasi kwamba nusura umgonge. Alitaka kujua mbona wametoka mapema. Kui akamweleza mwenyewe. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaketi kwenye benchi kama mtu aliyetembea kutoka mbali, akamvuta mtoto karibu na kuanza kuukanda ule mkono. Watu walipita. Wavinya alisimama pale, hajui kama aondoke au abaki.

Waliposhuka hadi barabarani Debra alimwambia Kui atangulie hatua chache.

"Sijakusamehe," akasema. "Usifikirie nimekusamehe. Lakini hakuna mwingine anayeujua huo mkono kama wewe. Utaurudisha ulivyokuwa."

Wavinya akasema atajaribu. Debra akasema hajamwambia ajaribu. Kisha akamfuata mtoto wake kuelekea stendi.

Majibu yalikuja baada ya siku nne. Kui hakupata nafasi. Alilia siku mbili, na siku ya tatu akaenda shule. Safari hii alipumzika wiki tatu zote. Debra aliiweka fidla juu ya kabati la nguo katika chumba chake yeye mwenyewe. Mwezi wa nne walianza kwa dakika tano, saa ya jikoni ikiwa juu ya kiti. Ilikuwa kazi ya kuchosha na ya kuaibisha. Kui, aliyekuwa wa kwanza darasani, sasa alisikika vibaya kuliko watoto walioanza mwaka jana, na watoto hao walijua. Kuna Jumamosi aliyoweka fidla chini katikati ya somo, akatoka nje na kuketi kwenye ngazi za kanisa. Wavinya alimfuata, akaketi naye hapo bila kumhimiza. Wakakaa mpaka mtoto aliposimama mwenyewe.

Kamati ilikaa baada ya Pasaka na kubishana jioni mbili. Mwishowe ilikubali darasa liendelee hadi mwisho wa mwaka, kisha itazame tena. Kati ya watoto sita walioondoka, wawili walirudi.

Mwezi wa saba Carolyne alisema mkono uko sawa na hana haja ya kuuona tena, ila akamsihi Kui asiufiche siku nyingine ukimuuma. Mwezi wa nane Kui aliweza kupiga dakika arobaini. Wimbo wa mchujo hakuutaka tena. Alisema unamkumbusha yale maji ya moto ya kila asubuhi. Alimwomba Wavinya amtafutie mwingine, na Wavinya akampa mmoja mfupi, wa polepole, ambao mtu asiyejua angesema ni wa watoto wadogo.

Alifanyia kazi wimbo huo wiki tano. Jumamosi moja aliupiga wote mbele ya wenzake, na alipomaliza hawakupiga makofi mara moja, maana hawakuwa na hakika kama umekwisha. Kui aliishusha fidla. Akauinua mkono wa kushoto mbele ya uso wake, akavichezesha vidole vitano kimoja kimoja, polepole, akivitazama. Kisha akauliza kama anaweza kurudia, kwa sababu pale katikati aliharakisha kidogo.